Karatasi Iliyokataa Kukauka

Sogeeni, wajukuu zangu. Lydia, kaa hapa karibu na mimi. Hii sikusimuliwa na mtu, masikio yangu yalikuwemo.

Ilianza na karatasi moja iliyokataa kukauka.

Nyumba ilikuwa ya Jabez Thurlow, mchapaji wa nyimbo hapa hapa Newburyport, mwaka uliofuata ile vita ya kumkataa mfalme wa Uingereza. Mkewe alishakufa, kabaki na binti mmoja, Desire, rika langu. Mimi nilikuwa nakwenda kila siku, tunakunja karatasi pamoja na kushona vitabu vya nyimbo. Kusoma sikujua, mpaka leo sijui. Lakini wimbo nikiusikia mara moja, umeingia, hautoki.

Wiki ile Jabez alichapa wimbo wa kunyongwa. Zamani zetu mtu akihukumiwa kamba, mchapaji anamtungia wimbo kana kwamba anajiimbia mwenyewe, anakiri dhambi yake, anawaonya vijana. Juu ya karatasi wanaandika uimbwe kwa sauti ya wimbo gani, wimbo ambao kila mtu anao kichwani. Basi watu wananunua palepale chini ya mti wa kunyongea, wanarudi nyumbani wakiimba.

Aliyenyongwa alikuwa Ruhama Pell, mtumishi wa watu, alikutwa kamzika mtoto wake mchanga nyuma ya ghala, wakasema kamuua. Wimbo wake ulikuwa na beti tisa, na ule wa tisa ndipo kamba inapokaza. Jabez aliuchapa siku mbili kabla, akaenda kumpitishia nakala kwenye dirisha la jela, kwa majivuno tu. Ruhama akasoma yote. Akasema taratibu, "Bwana Thurlow, mimi sikumuua mwanangu. Haya maneno si yangu."

"Ndiyo wanayoyataka watu, dada."

"Haya. Kinywa umeshanipa. Nitakitumia."

Jabez alitusimulia hayo huku anacheka, anakula maharage yake.

Sasa, wachapaji wa zamani walikuwa na mwiko wao. Wimbo wa kunyongwa ukishauzwa, zile herufi za risasi zilizopangwa kuchapia zinapanguliwa siku hiyo hiyo, kabla maiti hajazikwa, kila herufi irudi kwenye kijumba chake. Maneno ya maiti hayaachwi yamesimama. Lakini wimbo ule ulipendwa, wachuuzi wakawa wanautaka wakauze mpaka huko milimani, na Jabez akaona uvivu kuupanga upya. Akachapa nyingine, akaziacha herufi juu ya lile jiwe bapa la kupangia, kazizungushia kamba nyembamba, kama wafanyavyo zisianguke.

Kesho yake tukaanua karatasi zilizoanikwa darini. Zote kavu, isipokuwa moja. Na hiyo moja ilikuwa kavu juu, mbichi chini, pale penye ubeti wa tisa.

"Wino mbaya huu," Jabez akasema.

"Baba, wino si ndio uleule?" Desire akauliza.

"Basi paa linavuja. We kunja karatasi, acha kesi."

Paa halikuwa linavuja. Siku ya pili mbichi, ya tatu mbichi, na ikaanza kunuka, siyo mafuta ya kitani na masizi kama wino unavyonuka, ilinuka udongo uliofukuliwa.

Na Desire akaanza kuimba. Mnamjua Desire? Hakuwa na sauti yule, kanisani tulikuwa tunamkanyaga mguu anyamaze. Siku hiyo sindano mkononi, akaimba ubeti wa kwanza kwa sauti nzito ya mwanamke mtu mzima. Nikamwambia, "Wee, umeipata wapi sauti hiyo?" Akaniangalia. "Sauti gani? Mimi nimeimba?"

Kesho yake wa pili. Ubeti mmoja kila siku, saa ileile ya alasiri, mchana kweupe, watu wanapita barabarani na mikokoteni yao. Ubeti wa nne alipoumaliza nikaona mstari mwekundu shingoni, mwembamba kama uzi. Wa sita, mstari ukawa mnene kama kidole. Uji wa mahindi ukawa haupiti kooni. Jabez akaacha kucheka. Alichoma zile karatasi zilizobaki, zikatoa moshi bila kushika moto. Akachukua kisu akate ile kamba juu ya jiwe, na kila akikandamiza kisu, kamba inakaza, na kule kwenye kiti Desire anakoroma, macho yanamtoka, mpaka Jabez akakitupa kisu akalia kama mtoto.

Siku ya ubeti wa tisa theluji ilianguka. Mama yangu akaja, mkunga Prudence Oakes, nilikwenda kumwita mimi. Alifungua mlango, akamwona Desire shingo ilivyovimba, akasimama mlangoni na theluji yake mabegani, haingii hatoki.

"Mama Oakes, wewe unajua dawa," Jabez akasema kwa kunong'ona. "Msaidie mwanangu. Sina mwingine."

Saa ile ya alasiri ikafika, na Desire akafungua mdomo, ubeti wa tisa ukaanza kutoka, na mashine ya kuchapia ikawa inalia peke yake ule mlio wa mbao ikikazwa, na darini zile kamba za kuanikia zikawa zinabembea pamoja, kwenda na kurudi, kama zimebeba kitu kizito ambacho sisi hatukioni, na harufu ya udongo ikajaa mpaka nikawa naionja ulimini, na kila mstari aliouimba kichwa chake kilizidi kulala begani, na ukabaki mstari mmoja tu.

Ndipo mama akapiga magoti mbele ya lile jiwe.

"Ruhama," akasema, "mtoto alizaliwa maiti. Mimi nilimpokea kwa mikono hii. Nilijua, nikanyamaza. Mkunga akizalisha kwa siri naye anashtakiwa, nikaogopa. Hukuua. Nitakwenda kusema kwa hakimu na kanisani."

Desire akanyamaza katikati ya neno.

Jabez naye akapiga magoti. "Na mimi nimekusingizia," akasema. Akagusa kamba kwa kidole tu. Ikalegea. Herufi zikamwagika sakafuni kama mtama, na wote tukasikia mtu akivuta pumzi ndefu, na haikuwa ya yeyote kati yetu.

Mama alisema kama alivyoahidi. Walimfukuza kazi, hakumzalisha mtu tena. Desire aliolewa, akazaa watoto sita, lakini kola ndefu hakuivua mpaka kaburini.

Ile karatasi mimi niliichukua. Ilishakauka. Niliibandika ndani ya mfuniko wa sanduku langu, kama tulivyokuwa tukibandika nyimbo, ikakaa miaka hamsini. Juzi Lydia kafungua sanduku kutafuta shuka, akaanza kunisomea. Akafika wa tisa, akasema, "Bibi, kuna wa kumi."

Nikamwambia hakuna wa kumi.

Akasoma. Ubeti unasema mkunga hakwenda kwa Ruhama peke yake. Unasema kulikuwa na msichana aliyembebea kikapu, akaona yote, akarudi kukunja karatasi za uongo kwa mikono yake, na mama yake alipotubu yeye akatazama sakafu. Lydia kainua kidole alichokuwa akifuatia mistari, cheusi tii kwa wino mbichi.

Kikapu nilikibeba mimi, wajukuu zangu. Sijawahi kumwambia mtu, hata babu yenu. Na tangu juzi uji haunipiti vizuri.

Sasa nimesema, mmesikia wote. Lydia, mwanangu, nenda kafungue sanduku. Paguse pale chini, penye ubeti wa kumi. Halafu uje unionyeshe kidole.