Sikio la Nyanya

"Kidevu chini kidogo. Usicheke. Haya, cheka basi."

Dishon alikuwa katikati ya kupiga picha za wanakwaya, mmoja baada ya mwingine, mvua ilipoanza kumwagika juu ya soko la Homa Bay. Watu wakakimbilia ndani ya studio yake ndogo, wakileta harufu ya omena, dagaa wa ziwani, na ya nguo mbichi. Miongoni mwao alikuwa mwanamke mwenye gauni la kijani lililomkaa vizuri kiunoni. Alikuwa ameficha bahasha chini ya sweta kama mtu aliyebeba kifaranga.

"Hii ni foleni ya kwaya," Dishon alimwambia. "Wewe unaimba sauti gani?"

"Siimbi. Nina picha inayokufa."

Jina lake lilikuwa Robi, mshonaji kutoka Ogwedhi, aliyehamia Homa Bay mwaka uliopita. Alitoa picha ile kwa vidole viwili. Mwanamke kijana ameketi kwenye kigoda, shingo ndefu, macho yakitazama mbele bila woga. Mchwa walikuwa wamekula nyuma yote ya bega la kushoto, na kuvu nyeusi ilikuwa imetanda kando ya taya.

"Ni nyanya yangu, mama ya mama," alisema. "Alifariki mama akiwa bado ananyonya. Mama hajawahi kuona sura yake. Tulipomzika mjomba wake nikaikuta kwa sanduku lake. Mama hajui kama ipo. Nataka aione ikiwa safi."

Dishon alishusha kamera.

Kuanzia hapo simu zikawa za kila jioni.

"Nimemaliza shavu."

"Shavu la nani?"

"La nyanya."

"Na langu je?"

"Hilo halihitaji fundi, nyar Kuria," Dishon alisema, akimwita binti wa Kuria kwa Kijaluo.

"Bwana picha, hayo maneno umeyasema kwa wangapi?"

"Kwa wanaoniletea nyanya zao. Ni wewe peke yako."

Walikula samaki wa kukaanga kando ya ziwa, na Dishon akampiga picha upepo ukivuta leso yake. Alimwambia habari za mama yake wa Kendu Bay, kwamba angependa waonane. Robi alicheka akatazama maji, lakini hakukataa.

Kazi ya kusafisha picha kuukuu Dishon alijifundisha mwenyewe kwenye kompyuta, kwa subira. Alifuta kuvu doa kwa doa. Alipofika masikioni alikuta matundu mawili makubwa ya mviringo, na ndani ya moja kuna alama nyeupe iliyojikunja. Akaona kuvu imekula. Akafuta alama, akaziba matundu, na kwa kuwa hakuwa na mfano wa kufuata, aliazima masikio ya Robi kutoka picha ya ziwani. Aliona hiyo ni zawadi. Akaichapa picha kubwa, akaitia kwenye fremu ya kioo, akaifunga kwa karatasi ya khaki.

"Usiifungue," alisema. "Muifungue pamoja na mama yako."

Kule Ogwedhi, Kezia, mama yake Robi, alitoka zizini, akanawa, akajifuta kwa leso, wakaifungua picha pamoja na Robi. Aliutazama uso ule muda mrefu sana. Kisha akagusa kioo kando ya taya.

"Ni mzuri kuliko walivyoniambia," alisema. "Lakini sikio langu liko wapi?"

"Sikio lako, Mama?"

"Shangazi aliniambia nilikuwa silali mpaka niingize kidole kwenye ndewe ya mama, lile tundu la sikio lake. Hilo tu ndilo ninalojua juu yake na mimi."

Robi alisogea karibu. Aliyatambua masikio yale. Alikuwa akiyaona kila asubuhi kwenye kioo.

Alitoka nje kupiga simu.

"Dishon, masikio yake umeyafanya nini?"

"Yalikuwa yametoboka. Kuvu..."

"Yalitobolewa. Wanawake wetu wa zamani walivuta ndewe mpaka karibu na mabega. Ama ulitaka apendeze mbele ya mama yako huko Kendu Bay?"

"Robi, sikujua."

"Umekaa na uso wake wiki zote hizi, na hukuniuliza hata swali moja."

Simu ikakatika. Siku zilizofuata Robi hakupokea tena.

Dishon hakutafuta maneno ya kujitetea. Alirudi kwenye picha kuukuu yenyewe, iliyokuwa bado kwake, akainakili upya, kipande kwa kipande, safari hii bila kufuta chochote. Akaikuza ile alama nyeupe ndani ya tundu la kushoto. Ilikuwa na kiungo. Ilikuwa na ukucha, mdogo kama punje ya wimbi.

Mkono wake ukaacha kipanya. Kilikuwa kidole cha mtoto aliyebebwa mgongoni. Mtoto mwenyewe mchwa walimla. Kidole walikiacha.

Alipiga mara nyingi mpaka Robi akapokea.

"Usikate. Mama yako yumo."

"Yumo wapi?"

"Kwenye picha."

"Njoo," akasema.

Dishon aliwasili Ogwedhi kesho yake alasiri, shati limejaa vumbi la barabara.

"Mama, nimekuja kwanza kuomba msamaha."

"Wewe ndiye ulimpa mama yangu masikio ya binti yangu?" Kezia aliuliza, na pembe ya mdomo wake ikasogea kidogo. "Kaa."

Dishon alifungua kompyuta mezani, akawaonyesha. Kezia aliinua kidole chake, kigumu kwa jembe na kamba za ng'ombe, akakikunja vilevile.

"Nilikuwa hapo," alisema polepole. "Miaka yote hii, nilikuwa hapo."

Robi alifuta macho kwa ukingo wa leso. "Unaweza kurudisha uso wa mtoto?"

"Naweza kubuni mmoja. Lakini utakuwa wa mtu mwingine."

"Uache," Kezia alisema. "Kidole kinatosha."

Dishon akaanza kuyafungua masikio kwenye picha aliyoisafisha, na kila hatua akiuliza: hapa palikuwa hivi? Robi alikaa karibu naye, bega kwa bega, akimjibu. Sikio la kushoto lilikuwa limekamilika chaji ilipokaribia kuisha.

"La kulia kesho," Robi alisema. "Utalala kwa jirani yetu Nicanor. Na asubuhi utupige picha, sisi na nyanya."

"Na huyu kijana atasimama wapi?" Kezia aliuliza.

"Nyuma ya kamera, Mama," Dishon akajibu.

"Kamera yake inaweza kujipiga," Robi alisema. "Aliniambia mwenyewe."

Dishon alimgeukia. "Hiyo ni picha ya familia, nyar Kuria. Ukiniweka humo, wajukuu watauliza mimi ni nani."

"Ndiyo maana nakwambia mapema, upige shati lako pasi."

Alihifadhi kazi, akafunga kompyuta, sikio la kulia likiwa bado limezibwa. Kezia aliendelea kukaa pale mezani, kidole chake bado kimekunjwa.