Bata Mwenye Baridi

Duka la vitabu lilifurika watu kama vile vitabu vinagawiwa bure. Sikukuu ilikuwa kesho, na kila mzazi alitaka toleo la sikukuu la katuni za Bata na Sungura kabla halijaisha. Katikati ya viwiko na mikoba alisimama dada mmoja mwenye gauni la kijani na miwani mikubwa ya jua, mkono wa kulia kautumbukiza mfukoni. Hakuja kununua. Katuni zile alizichora yeye, na alikuja kuwatazama watu usoni wanapozifungua, roho yake ikiwa juu.

Kando yake kaka mrefu aliyevaa ovaroli ya bluu alifungua nakala, akacheka peke yake.

"Dada, hebu ona," akamwambia kama mtu waliyezoeana. "Mwaka huu Bata ana baridi. Anatetemeka mpaka manyoya!"

Mchoraji aliuzamisha mkono zaidi mfukoni. "Anatetemeka wapi?"

"Kwenye mistari. Siku zote Bata huchorwa laini kama yai. Safari hii kanyeshewa, na mstari wenyewe unatikisika. Aliyechora hapa kajua kucheza!"

Laiti angejua. Mvua ile iliingizwa kwenye hadithi kwa sababu mkono wa mchoraji ulikataa kutulia. Bata na Sungura waliumbwa na marehemu baba yake, na baba alianza hivyo hivyo, kidole kidogo kwanza. Baadaye kalamu ikamshinda, kisha vifungo vya shati, kisha kijiko. Madaktari walisema maradhi yale huweza kurithiwa. Sasa kidole kidogo cha binti kilikuwa kimeanza.

"Mtu mzima unajinunulia katuni?" akauliza, ili tu asikimbie.

"Nyumbani tulikuwa wengi na kitabu kimoja kila sikukuu. Mimi kitindamimba kilinifikia kurasa za mwisho zimeshachanika. Mpaka leo sijui Sungura alitokaje kwenye bomba la moshi."

"Alivutwa masikio na Bata."

"Umejuaje?"

"Nilikuwepo," akasema, na kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi akacheka.

Kaka yule alikuwa fundi wa lifti. Alipojua kwamba dada yule ndiye mchoraji, akaomba namba yake, na haikupita muda simu zikawa hazikatiki.

"Haloo, bata wangu."

"Bata nani? Sema malkia."

"Malkia wangu, umekula?"

"Nimekula. Mbona sauti yako inatoka kisimani?"

"Niko ndani ya shimo la lifti, juu kabisa."

"Huogopi?"

"Naogopa kila siku. Ndiyo maana bado mzima."

Alimpenda kwa jibu lile. Lakini kadiri mapenzi yalivyokolea, ndivyo hofu ilivyozidi. Wakienda kunywa chai, aliiacha ipoe kabisa, asije akaimwaga ya moto mbele yake. Wakitembea, alimpa mkono wa kushoto.

"Kila siku wa kushoto tu, laazizi?"

"Huo ndio ulio karibu na moyo."

Fundi akachekelea, karidhika. Mchoraji alirudi nyumbani, akajifungia chumbani, akaunyoosha mkono wa kulia chini ya taa na kuutazama kama mtu anayemtazama nyoka.

Toleo jipya lilipokaribia, mistari ilizidi kumsaliti. Akamwita mwenzake wa ofisini, bwana wa makamo aliyekuwa akizitia rangi katuni zake, wakakaa mgahawani karibu na dirisha. Akamwomba amchoree kwa siri. Yule bwana alipigwa na butwaa, akaushika mkono wa kulia kwa mikono yake miwili, akausikia ukitetemeka. Nje ya kioo, Fundi alikuwa anapita na begi lake la vifaa.

Jioni simu ikalia.

"Yule bwana wa mgahawani ni nani wako?"

"Umeniona?"

"Nimekuona. Kakushika mkono wa kulia. Ule ambao mimi sijawahi kupewa."

Ukweli ulimfika kwenye ncha ya ulimi. Papo hapo akamwona mama yake akimlisha baba uji, uji ukichuruzika kidevuni, na baba akifumba macho kwa aibu. Kisha akamwona Fundi ameshika kijiko kile.

"Ndiyo," akasema. "Nina mwingine. Usinipigie tena."

"Sawa," Fundi akajibu, na simu ikakatika.

Mama alimkuta asubuhi macho yamemvimba. Hakuuliza mengi. Alikaa kitandani, akauchukua mkono wa kulia, akauweka kwenye paja lake. Ukatetemeka pale kama kifaranga.

"Tangu lini, mwanangu?"

"Kabla ya sikukuu. Mama, naogopa."

"Hata mimi. Lakini mficha maradhi kilio humuumbua. Baba yako alinificha miaka. Nilidhani kanichoka, nikamnunia, tukalala mzungu wa nne, kichwa huku miguu kule. Kumlisha hakukuniuma. Miaka ile ndiyo inayoniuma."

Mchana ule mchoraji aliingia kwenye jengo refu alimokuwa akifanya kazi Fundi. Milango ya lifti ilikuwa wazi, na nyuma yake shimo jeusi lisilo na mwisho. Fundi alitoka ndani yake ana grisi mpaka mashavuni. Alipomwona, akakunja uso.

"Umekosea njia, dada?"

Neno "dada" lilimchoma. Hakujibu. Akautoa mkono wa kulia mfukoni, akaunyoosha mbele yake. Vidole vilitetemeka vyote sasa. Kisha akamweleza yote, juu ya baba, juu ya kijiko, juu ya yule mtia rangi.

Fundi aliketi sakafuni. Mchoraji akageuka kuondoka.

"Ngoja," akasema. "Nisikudanganye, nimeogopa. Lakini usiku wa jana, ulivyoniacha, niliogopa zaidi. Daktari kasemaje?"

"Sijaenda. Sitaki kusikia."

"Tutasikia wote."

Wakaenda. Daktari alimtembeza, akamwandikisha sentensi karatasini, akamgusisha pua kwa kidole, akamrudisha kwa vipimo vingine. Mwishowe akawaambia bila kuzunguka kwamba ni maradhi yale yale. Yangekwenda taratibu na dawa zingesaidia, lakini yasingeondoka.

Ukumbini mchoraji aliegemea ukuta. Fundi akausogelea ule mkono.

"Nioe— yaani, naomba nikuoe."

"Usinihurumie."

"Huruma gani? Nakutaka. Na naogopa. Vyote viwili."

Alimtazama sana. Alitafuta uongo usoni mwake, asiuone. "Basi nioe," akanong'ona. Kisha akampigia mama.

"Mama, ni maradhi ya baba." Akasikia pumzi ya mama ikikatika upande wa pili. "Na kuna mtu anataka kunioa."

"Anajua?"

"Anajua, mama. Yuko hapa."

Akamsikia mama akivuta kiti.

"Mlete," mama akasema. "Nimfundishe kufunga vifungo vya mwenzake bila kumharakisha."