Amekula, Shangazi

Kila asubuhi, kabla ya kwenda shule, Klara aliteka maji, akafagia uwanja, kisha akainjika sufuria ndogo jikoni. Sufuria ile haikuwa ya watu. Ilikuwa ya Mawele, paka mzee mwenye rangi ya unga wa uwele. Ndani yake Klara alichemsha nyama kidogo isiyo na mafuta wala chumvi.

Mawele aliachwa kijijini Mtinko na daktari Mzungu aliyerudi kwao Ulaya. Hizo zilikuwa enzi za Mwingereza, na Shangazi Hana, dada wa baba yake Klara, alikuwa mwuguzi wa zahanati ya misheni. Kabla daktari hajaondoka, waliona sisimizi wakikusanyika kila mahali paka alipokojoa. Daktari alipima mkojo ule, akasema paka ana ugonjwa wa sukari. Akamfundisha Shangazi Hana kumchoma sindano, na baada ya kuondoka aliendelea kumtumia dawa, ambayo ililetwa na lori kutoka Singida.

Watu walicheka sana. "Sisi tunapewa dawa chungu ya kunywa," walisema kwenye foleni ya zahanati, "lakini paka wa Mama Hana anachomwa sindano kama bwana mkubwa!"

Shangazi hakuwajali. Siku Klara alipofika kuishi naye ili asome, alimwonyesha sufuria ile ndogo na kumwambia, "Chakula kwanza, sindano baadaye. Dawa hii inapunguza sukari mwilini. Ikikuta tumbo tupu, inaipunguza kupita kiasi, na mnyama anaweza kufa. Kwa hiyo kila asubuhi nitakuuliza, nawe utaniambia."

Basi kila asubuhi shangazi alitoka chumbani na bomba la sindano alilolichemsha, akauliza, "Amekula?"

"Amekula, shangazi," Klara alijibu.

Hayo tu. Klara alikuwa msichana wa maneno machache. Alilelewa na bibi yake kule Mungaa, na bibi alimfundisha kwamba mtoto mwenye adabu hujibu alichoulizwa, kisha hunyamaza. Anayeongeza maneno mbele ya wakubwa ni mpayukaji.

Klara alimpenda Mawele. Lakini jambo moja lilimsumbua. Paka yule alikuwa na njaa siku zote. Alikula, akalamba bakuli, kisha akamfuata Klara akilia kwa sauti nyembamba. "Ni ugonjwa unaolia njaa, si tumbo," shangazi alisema. "Usimwongezee kitu." Klara alisikia, lakini kile kilio kiliukata moyo wake.

Siku ya Idi, jirani yao Stumai, aliyesoma darasa moja na Klara, alikuja jioni na sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Kwao walikuwa wamechinja mbuzi.

"Hii pilau yenu," alisema. "Na hii hapa nimemwibia mama kwa ajili ya yule mzee wenu." Akafunua vipande vya mafuta ya mbuzi vilivyokaangwa, vinang'aa.

"Haruhusiwi," Klara alisema.

"Mwangalie alivyo! Mbavu zinahesabika. Mbuzi wetu alikuwa mnene kuliko huyu. Idi hii, Klara! Hata paka hana sikukuu?"

Mawele alikuwa tayari amesimama kwa miguu ya nyuma, kucha zake zimeshika gauni la Klara. Shangazi alikuwa bado zahanati. Klara alimpa kipande kimoja, kisha kingine, na mwishowe akaweka vyote chini. Paka alikula huku akikoroma kwa raha. Klara alicheka. Alidhani ametenda jambo jema.

Kesho yake asubuhi, siku ya Jumamosi, Mawele alikula nyama yake polepole, bila ile pupa ya kawaida. Alipomaliza alikwenda nyuma ya jiko. Klara alisikia sauti mbaya kama ya mtu anayekohoa. Alipofika, paka alikuwa ametapika chakula chote, na ndani ya matapishi mlikuwa na vipande vya mafuta ya jana. Pembeni alikuwa ameharisha pia.

Shangazi akiyaona mafuta yale, atajua. Haraka Klara alichota majivu kwenye mafiga, akafunika, akafagia, akatupa mbali shambani. Alikuwa ananawa mikono wakati shangazi alipotoka na sindano.

"Amekula?"

Klara alitazama bakuli tupu. Kweli, alikuwa amekula. Hakuulizwa kingine.

"Amekula, shangazi."

Shangazi aliinua ngozi ya shingo ya Mawele, akamchoma taratibu, akampapasa kichwa. "Mzee wangu, leo umenyamaza," alimwambia. Kisha akavaa sare yake nyeupe, akaondoka.

Klara alijaribu kufua nguo, lakini macho yake hayakutoka kwa paka. Kabla nguo za kwanza hazijakauka, Mawele aliinuka, akaenda kama mlevi, akajigonga kwenye kinu, akaanguka. Miguu yake ilitetemeka. Mate yalimtoka.

Stumai alikuja kuchukua sahani yao. Alipoona, akapiga kelele. "Amepatwa na nini? Mpe chai yenye sukari! Babu akiishiwa nguvu tunampa hiyo."

"Sukari ndiyo ugonjwa wake! Unataka kumuua?"

"Mimi sijui! Basi mwite shangazi yako, mbona umesimama tu?"

Klara alijua kwa nini amesimama. Akienda, itabidi aseme. Alimtazama Mawele, ambaye sasa hakuwa akilia hata kidogo. Paka yule aliyelia kila siku alikuwa amenyamaza kabisa. Klara alimfunga kwenye kanga, akamkumbatia, akakimbia.

Foleni ya zahanati ilimpisha. Mtu mmoja alianza kutania, "Leo bwana mkubwa kaja mwenyewe," lakini alipouona uso wa Klara aliacha.

"Shangazi," Klara alisema mlangoni, akihema. "Alikula. Lakini alitapika."

Shangazi Hana aliweka chini chupa aliyoishika. "Alitapika lini? Kabla ya sindano au baada yake?"

Klara aliwatazama wagonjwa waliokuwa wakisikiliza.

"Kabla."

Shangazi hakugomba. Ingekuwa afadhali angegomba. "Fungua kabati," alisema. "Lete asali."

"Lakini shangazi, sukari..."

"Jana sukari ilikuwa nyingi, leo imekwisha. Asali, Klara!"

Shangazi alichovya kidole katika asali, akampaka Mawele kwenye ufizi na ndani ya shavu, kidogo kidogo ili isimkabe. Akarudia tena na tena. Klara alishika kichwa cha paka, machozi yakidondoka juu ya manyoya. Muda ulipita. Ndipo ulimi mdogo ukatoka, ukalamba kidole.

"Haya, baba," shangazi alinong'ona. "Haya, rudi."

Alirudi, lakini hakurudi mzima. Siku ile hakupewa nyama, ila maji kidogo kidogo, asali kidogo kila alipolegea, na baadaye supu ya kuku iliyoondolewa mafuta, kijiko baada ya kijiko, hadi tumbo lilipotulia. Sindano haikurudi mpaka shangazi alipopima mkojo na kuona amekula na chakula kimekaa. Hata hivyo macho ya Mawele hayakuona tena vizuri. Alitembea akifuata ukuta, na kila alipofika kwenye kinu alisita, akanusa, akazunguka.

Klara hakuweza kumtazama bila uchungu. Jioni moja alimweleza shangazi yote: sahani ya Idi, mafuta ya mbuzi, majivu. Mwishowe akasema, "Lakini sikusema uongo, shangazi. Uliuliza kama amekula, na kweli alikula. Bibi alinifundisha kujibu nilichoulizwa."

Shangazi Hana alikuwa akichambua mboga. Aliiweka kando, akamvuta Klara akae karibu naye.

"Bibi yako ni mama yangu," alisema. "Mimi pia alinifundisha hivyo, na ni adabu nzuri. Lakini wewe neno lako ulilitumia kama yale majivu. Lilikuwa safi, nawe ukafunika nalo kitu. Jibu likitolewa ili mtu asijue, ni uongo, hata kama kila neno lake ni kweli."

Klara aliinamisha kichwa.

"Na jambo lingine. Mawele hawezi kuniambia tumbo linamuuma. Mtoto mchanga hawezi. Mgonjwa aliyezimia hawezi. Mdomo wao ni yule anayewatunza. Ukiufunga wako kwa hofu, umefunga wao. Kosa la mafuta lilikuwa la huruma, ningelisamehe siku ileile. Tungengoja bila sindano, tumbo lingepona, na macho yake yangekuwa yanaona."

"Nisamehe, shangazi."

"Nimekusamehe. Nami nilikosea, niliuliza swali dogo kwa jambo kubwa. Tusikosee tena."

Kesho yake asubuhi shangazi alitoka na sindano. "Mawele ameamkaje?" aliuliza.

Klara alisimama wima. "Shikamoo, shangazi. Amekula nusu ya nyama. Amekunywa maji. Hajatapika, ila choo chake bado laini kidogo. Na alipokuwa anakuja kwangu alijigonga kwenye mlango."

"Marahaba, mwanangu," alisema Shangazi Hana.

Mawele aliisikia sauti ya Klara. Akanyoosha shingo, akaifuata taratibu kando ya ukuta, mpaka akafika miguuni pake.