Mama Pindo na Dawa Isiyopigwa Pasi

Kila asubuhi mume wa Mama Pindo alimfunga mkewe vifungo vya blauzi. Vilikuwa vitano. Alianzia chini, akapanda juu taratibu, huku akimtania.

"Simama wima, bibi harusi."

Zamani Mama Pindo alicheka. Siku hizi alitazama ukuta tu.

Alikuwa fundi cherehani. Mtaa ulimwita Mama Pindo kwa sababu pindo zake hazikufumuka. Sasa viungo vya vidole vilivimba na kuwaka moto. Mkasi ulimponyoka. Uzi haukuingia kwenye sindano. Wateja walirudi kuchukua vitambaa vyao vikiwa havijaguswa.

"Cherehani nampa wifi," alisema siku moja.

"Subiri kidogo, mke wangu."

"Nisubiri nini? Mimi bila mikono ni nani?"

Mumewe akaifunika cherehani kwa kitambaa.

Kwa miaka minne Mama Pindo alimeza vidonge vya maumivu asubuhi na jioni, bila kumwuliza daktari. Tumbo lilipoanza kumsokota, akaenda hospitali. Aliambiwa aache vidonge vile. Akaingizwa kwenye majaribio ya dawa mpya ya kupunguza uvimbe, ya kupaka. Apake kidogo, mara mbili kwa siku, basi.

Wiki mbili zikapita. Vidole vilikuwa vilevile. Mama Pindo akaanza kufikiri kifundi. Kitambaa kigumu cha kola kina gundi. Ukikiweka tu juu ya shati, hakishiki. Ukikipiga pasi, kinashika. Basi akapaka dawa nyingi, akafunga mkono kwa nailoni, akaweka kitambaa juu, akagandamiza pasi.

"Dawa ya moto ni moto," alijiambia.

Jioni mkono ulikuwa na malengelenge. Mumewe alikimbia kumwita jirani yao, muuguzi wa hospitali ile ile.

"Mama, mbona umejichoma?"

"Dawa haikuingia, mwanangu. Nilitaka iingie."

Muuguzi akakaa naye kitandani, akamwosha mkono kwa maji baridi.

"Mama, ngozi imesukwa kama turubai. Haipitishi maji, na dawa nyingi hubaki juu juu. Hii imefichwa ndani ya vijipunje vya mafuta. Wataalamu wanaviita chembe nano. Gawa upana wa unywele mara elfu moja. Punje moja ni kama kipande kimoja tu. Ndiyo maana zinapenya katikati ya chembe za ngozi, polepole, zikiachia dawa pale palipovimba. Tumboni inafika kidogo sana."

"Na pasi?"

"Moto unaharibu punje na kuunguza ngozi. Nailoni nayo inaisukuma dawa nyingi mwilini kwa mkupuo. Hii si kola, mama. Ni ya kupaka na kuiacha."

Kisha muuguzi akatazama midomo yake. Ilikuwa imepauka.

"Bado unameza vile vidonge?"

Mama Pindo alitupia jicho kabati. Mumewe akachukua kopo la vifungo kabatini, akalimimina kitandani. Katikati ya vifungo kulikuwa na vidonge vyeupe.

"Choo chako kina rangi gani?"

"Cheusi. Kama lami."

"Tangu lini?"

"Wiki nzima."

"Mficha maradhi, kifo humuumbua! Hiyo ni damu, mama. Tumbo linavuja. Twende hospitali sasa hivi."

Alilazwa siku tisa, akaongezewa damu. Akiwa wodini, cherehani ilikwenda kwa wifi. Mwenyewe ndiye aliyeagiza ichukuliwe. Hakutaka kuiona akirudi.

Miezi miwili baadaye, tumbo na ngozi vilikuwa vimepona. Daktari alimpima, akamruhusu kuendelea na dawa ya kupaka, chini ya uangalizi.

"Uvimbe unaweza kupungua," alisema. "Vidole vilivyokwisha kupinda havitanyooka."

"Ningekuja mapema je?"

Daktari alitazama meza. "Ingekuwa afadhali, mama."

Alilia njia nzima. Lakini alipaka kidogo, asubuhi na jioni, akauacha mkono wazi. Hakumeza kitu bila kuuliza. Wiki ya sita moto ukapoa vidoleni. Akaweza kushika kikombe. Akaweza kushika sindano ya mkono, kwa muda mfupi.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa blauzi yake. Alipanua vitundu vya vifungo, vyote vitano, ili vidole vyake vilivyopinda viviweze. Alishona siku mbili nzima. Mishono ilikwenda upande.

"Ningemfukuza mwanafunzi kwa kazi hii," alisema.

Asubuhi mumewe alikuja kama kawaida, mikono tayari. Alimkuta mkewe amesimama wima, blauzi imefungwa hadi juu. Akaishusha mikono. Wote wawili wakatazama kona iliyo tupu, palipokuwa na cherehani.