Waipa Zilizokataa Kutembea

Kila Jumamosi asubuhi Injinia aliosha gari la baba yake. Hakuwa injinia, alikuwa msichana wa darasa la sita. Baba alimpa jina hilo kwa sababu alipenda kushika bisibisi kuliko mwiko. Gari lenyewe lilikuwa dogo, na mtu mrefu akiingia ilibidi akunje magoti mpaka karibu na kidevu. Lakini ndilo lililompeleka bibi hospitali mara mbili kwa wiki kusafishwa damu, kwa kuwa figo zake zilikuwa zimechoka. Ndiyo maana ufunguo hakupewa mtoto mwingine yeyote, na Injinia alitembea nao uani kifua mbele.

Jumamosi hiyo binamu zake wawili walikuja kumtembelea. Walimtania kwamba uinjinia wake ni wa kumwaga maji tu. Injinia akawasha waipa za kufuta kioo cha mbele, akaikamata moja kwa mikono miwili ikiwa inatembea, akawaambia wahesabu wajue ataizuia kwa muda gani. Walifika kumi na mbili. Kitu kikalia ko chini ya kioo, na waipa zote mbili zikasimama. Injinia alizima gari, akazilaza waipa mahali pake, akafuta kioo mpaka kikang'aa, akarudisha ufunguo kwenye msumari wake.

Jumatatu mvua ilianza kabla ya chai ya asubuhi. Baba alimpakia bibi, akawasha waipa, zisitikisike. Alijaribu kuendesha huku kichwa kimetoka dirishani, lakini hata kona ya kwanza hakuifika. Akarudi nyumbani amelowa chapachapa, akamshusha bibi. Alipopiga simu hospitali aliambiwa gari la wagonjwa limekwama ng'ambo ya mto. Jirani pekee mwenye gari alikuwa safarini.

Wakamwita Fundi Waya, fundi umeme wa magari. Alikuta fyuzi imeungua. Akaweka mpya, ikaungua papo hapo. Ya tatu nayo ikafuata wenzake. Akauliza kama kuna mtu aliyezishika waipa zikiwa zinatembea.

"Gari hili haguswi na mtu ila binti yangu," baba alisema, kwa haraka hata akakosea maneno. "Na huyo namwamini kuliko ninavyojiamini mimi."

Injinia alikuwa amesimama mlangoni. Alitazama vidole vya miguu yake.

Basi Fundi Waya akaamua kwamba kuna waya zinazogusana mahali fulani. Alizifuata moja moja, siku nzima, chini ya turubai lililovuja. Jumanne akaanza upya. Mvua haikupumzika, na nyumba nzima ilinuka nguo mbichi.

Bibi alianza kuvimba. Mama alimbonyeza mguu kwa kidole, na shimo likabaki palepale. Bibi hakuweza kulala chali, pumzi zilimkatika, kwa hiyo walimkalisha kitini na mito pande zote. Kiu ilimtesa, naye hakuruhusiwa maji zaidi ya kijiko kimoja kimoja. Alijaribu kuwachekesha, akasema amekuwa mpira, wamsukume tu atabingirika mwenyewe mpaka hospitali. Hakuna aliyecheka. Baba alitoka akaketi kwenye ngazi ya nje, uso viganjani, mvua ikimpiga mgongoni.

Injinia alibaki na bibi akimpa maji kwa kijiko. Bibi alimshika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi na vinene.

"Usiogope, mjukuu wangu," alisema kwa shida. "Fundi akishindwa, wewe utalitengeneza."

Injinia aliweka kijiko chini. Alimpita baba kwenye ngazi, akaenda moja kwa moja kwenye turubai, akasema kwa sauti ambayo baba naye aliisikia:

"Niliishika mimi, Fundi. Jumamosi. Tulikuwa tunahesabu. Kitu kikalia ko, hapa chini."

Fundi Waya aliweka waya chini, akafungua kifuniko cha plastiki chini ya kioo, akaingiza mkono. Fimbo ya chuma inayosukuma waipa ilikuwa imechomoka kwenye kiungo chake na kujibana pembeni. Mota ilikuwa ikisukuma mzigo usiosogea, na fyuzi zikaungua kwa ajili hiyo. Akairudisha kwa ngumi moja, akaweka fyuzi. Waipa zikatembea. Kazi hiyo ilichukua muda mfupi kuliko kunywa kikombe cha chai.

Walimfikisha bibi saa tisa alasiri. Muuguzi aliuliza kwa ukali walikuwa wapi tangu jana. Bibi alilazwa siku tisa, na siku tatu za mwanzo hakumtambua mtu. Baba hakumpiga Injinia wala hakumkaripia. Hakusema naye kabisa, na hilo lilimuuma zaidi.

Siku bibi alipoomba uji na kuruhusiwa kurudi nyumbani, baba aliutoa ufunguo msumarini, akauweka kiganjani mwa binti yake.

"Gari halina mdomo," alisema. "Haliwezi kuniambia limeumia wapi. Anayeliosha ndiye mdomo wake. Kuharibu kitu, mwanangu, hata mimi naharibu. Lakini ulinyamaza siku tatu, na mbili kati ya hizo alizilipa bibi yako kwa pumzi zake. Ukiharibu, sema siku hiyohiyo."

"Nitasema, baba."

"Haya. Kalioshe, tukamchukue."