Laure na Diski Isiyoonekana

Kila Jumamosi, akishamaliza kuosha vyombo na kuchota maji, Laure alikwenda kumsaidia baba yake, Papa Rémy, katika karakana yake ya kompyuta mtaani Kimanga. Alikuwa na miaka kumi na mitatu tu, lakini alijua kufungua laptop bila kuvunja kifuniko.

Jumamosi moja, baba akiwa ametoka, aliingia Mwalimu Domitille kutoka kijiji cha Mutarule. Diski ya laptop yake ilikuwa imekufa, naye alitaka kuandika mitihani ya wanafunzi wake. Diski mpya alikuwa ameinunua dukani kwa Karim, ng'ambo ya barabara. Laure aliiweka, akaikaza kwa skrubu, akawasha. Ukurasa wa mipangilio ulifunguka, lakini palipopaswa kuwa na jina la diski palikuwa patupu. Akazima, akawasha tena. Wapi!

"Iko mbovu," alisema kwa sauti ya fundi. "Karim amekuuzia takataka, Mama Mwalimu."

Domitille alivuka barabara kwa hasira. "Weye Karim, umeniibia!" Wateja wawili waliokuwa wakichagua simu waliziweka chini wakaondoka.

Papa Rémy akaingia. Aliposimuliwa, aliuliza, "Umeijaribu kwenye mashine nyingine?"

"Hapana, Papa."

"Sasa umejuaje kwamba imekufa?"

Laure alizima laptop, akachomoa betri, akaitoa diski na kuitia katika kisanduku chenye waya, kisha akakiunganisha na kompyuta ya baba. Papo hapo diski ikaonekana. Ilikuwa nzima kabisa!

"Basi kosa liko mahali pengine. Litafute," alisema baba.

Laure alimulika tundu la diski kwa tochi. Lilikuwa safi. Akairudisha diski taratibu, akitazama kwa karibu. Meno yake ya rangi ya dhahabu, yale yanayopaswa kuzama tunduni, yalikuwa yakichungulia nje. Kumbe mara ya kwanza aliikaza kabla haijaingia mpaka mwisho! Akaisukuma ikatulia, akakaza skrubu, akarudisha betri, akawasha. Jina la diski likatokea.

"Papa, iko!"

Baba alitabasamu, kisha akaelekeza kidevu dukani kwa Karim. Laure akaelewa. Alivuka barabara.

"Papa Karim, diski yako ni nzima," alisema, sauti ikisikika hadi mlangoni. "Minye mwenyewe ndiye niliyeiweka vibaya, nikakusingizia. Unisamehe."

Domitille, aliyekuwa bado pale dukani, naye aliomba radhi. Karim alizielekeza kidole simu zilizoachwa. "Na wale wateja wangu?"

"Nawafuata sasa hivi!"

Laure alikimbia, akawakuta njiani kuelekea sokoni, akawaeleza kila kitu. Mmoja alicheka, akamvuta mwenzake wakarudi.

Jioni, programu zikiwa zimeshawekwa kwenye diski mpya, Domitille aliondoka na laptop yake ikifanya kazi. Papa Rémy alimgeukia bintiye.

"Mwanangu, mashine ikikataa, anza kukagua kazi ya mikono yako kabla hujamlaumu mtu. Na ukikosea, sema wazi, kama ulivyofanya leo. Fundi wa namna hiyo, watu humwachia vitu vyao bila wasiwasi."