Fundo la Pili

Sipendi watu wa kuongeza chumvi, kwa hiyo naandika kama rafiki yangu mpima visima alivyoniambia. Alitumwa kupima kisima cha shangazi yake, bomba jembamba lisilopitisha hata ngumi. Kingekutwa kikavu, kingezibwa kwa saruji, na shangazi angelazimika kuhama shamba.

"Pima vizuri, mwanangu," shangazi alimwambia. "Usinipimie kama fundi cherehani, ukaja kunibana."

Rafiki yangu alifunga kipande cha chuma kwenye kamba, akakishusha gizani mpaka kikagonga chini, ko, mlio mkavu kabisa.

"Pole, shangazi. Kimekauka."

Kabla hajaanza kuvuta, kamba ikatetemeka mkononi mwake, taratibu, kama shati linaloshonwa kifungo ukiwa umelivaa. Kule chini kukasikika mkwaruzo mdogo, kisha kimya.

"Mbona unaitikisa?"

"Siitikisi, shangazi."

Akavuta. Kamba ilipanda kavu, imejaa vumbi, hadi mwisho. Chuma kilikuwepo. Juu ya fundo alilofunga yeye kulikuwa na fundo la pili, limekazwa vizuri kuliko lake, nalo lilikuwa likidondosha maji.